Tepu ya lami ya kufunika boriti za deki: misimu miwili ya mvua, Entebbe

Jamani kama unajenga deki ya mbao, yaani sakafu ya mbao ya nje ya nyumba, huku karibu na ziwa soma hii kwanza. Deki yangu ya kwanza ilikufa ndani ya miaka mitatu na kilichooza sio mbao za juu tunazokanyaga, hizo zilikuwa nzima kabisa, ni boriti za chini. Niling'oa ubao mmoja nikachoma bisibisi juu ya boriti ikazama kama kwenye ovakado lililoiva, na kila shimo la skrubu limezungukwa na weusi. Pale ubao unapolalia boriti maji yanakwama, jua halifiki, yanateremka na skrubu mpaka ndani, na mbao ikishapita unyevu wa asilimia 20 hivi kuvu wanaanza kuila.

Safari hii nikanunua hii tepu, roli ya mita 20, upana sentimita 5, unabandua karatasi unaibandika juu ya boriti kabla ya kupiga ubao. Fundi akaniambia "mama, pakaa oili chafu tu inatosha", nikamwambia fundi wangu, si ndiyo tuliyopakaa mara ya kwanza? Kinachonifurahisha ni kwamba skrubu ikipita, lami inaibana pembeni yenyewe. Tumepita mvua za Septemba mpaka Novemba, tukapita za Machi mpaka Mei, juzi nimefungua mbao mbili: boriti kavu, rangi ileile, bisibisi imegoma kuingia.

Kasoro ni upana. Boriti zangu ni inchi mbili kwa sita kwa hiyo tepu inaishia ukingoni kabisa, chukua ya sentimita 7.5 ikunjike kidogo kila upande maji yadondoke chini. Halafu jua likiwaka lami inalainika, kwenye nafasi za kati ya mbao imechuruzika kidogo, tepu ya butili (aina ya mpira) inavumilia joto zaidi ila bei yake iko juu.

Na tafadhali usiibandike kwenye mbao mbichi!! Paini nyingi tunauziwa bado ina maji, ukiifunika umefungia unyevu ndani, mimi niliziacha kivulini wiki sita. Funika juu tu, pande ziachwe zipumue. Vichwa vilivyokatwa na msumeno vipakae dawa ya mbao maana pale inakunywa maji kuliko popote. Mchwa nao tepu haiwazuii, nguzo zangu nimezikalisha kwenye vyuma juu ya zege, hazigusi udongo.

Wiki ijayo tunaanza ngazi za nyuma, ya sentimita 7.5 nishainunua.