Materuni wakati wa masika: mwongozaji wa kijiji anastahili kila shilingi

Wageni wengi wanaofika Moshi huambiwa wangoje mvua zikatike ndipo wapande kwenye maporomoko ya Materuni, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mimi nilikwenda Aprili, masika yamekolea, na nasema wazi kwamba maporomoko yale yanafaa kuonwa wakati huo, mradi uwe na mwongozaji mzaliwa wa Uru, eneo kilipo kijiji cha Materuni. Bila yeye, simshauri mtu aende.

Kiangazi maji hushuka membamba. Masika yanajaza jabali lote, mita 80 hivi kutoka juu hadi bwawani, na huwezi kusikilizana na mwenzio bila kupaza sauti. Manyunyu yalitulowesha hata kabla hatujaliona bwawa lenyewe. Nimetembelea maporomoko kadhaa ya Marangu, nayo ni mazuri, lakini hili lilinifanya nisimame nisiwe na la kusema.

Sasa huduma. Kijijini tulipokelewa na mwongozaji wetu, dada mmoja ambaye kabla ya lolote alitazama miguu yetu. Waliovaa raba aliwapa gambuti, kila mtu akapata fimbo, na simu zikatiwa kwenye mifuko ya nailoni. Kisha akatoa sharti moja: “Nikisema turudi, tunarudi.” Hapo nilijua tuko mikononi mwa mtu anayeijua kazi yake.

Sababu zake alizieleza njiani, na ningependa kila anayepanga safari hii azisikie. Pepo za masika zinazotoka Bahari ya Hindi hupiga upande huu wa kusini wa Kilimanjaro, na msitu ulio juu ya vijiji, kwenye kimo cha mita 2,200 hivi, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kwa hiyo mnaweza kuwa korongoni mnaota jua huku juu mvua inamwagika, na maji hayo hayachukui muda mrefu kuwafikia. Ishara ni maji kugeuka rangi ya udongo, majani na vijiti kuongezeka, na mngurumo kuwa mzito. Yeye ana jiwe lake la alama kando ya bwawa. Maji yakilifikia, kundi zima linaondoka. Alilitazama mara nyingi kuliko alivyotazama maporomoko.

Kuogelea alikataa katakata. Kijana mmoja alimbembeleza, “Dada, dakika mbili tu.” Akamjibu, “Kaka yangu, njoo kiangazi uogelee mpaka uchoke. Leo maji yanaweza kushuka na gogo.” Mama wa makamo tuliyekuwa naye alichoka kwenye mteremko wa mwisho, wenye udongo mwekundu unaoteleza vibaya. Mwongozaji hakumharakisha hata kidogo. Alimwachia kijana wa kijijini wa kukaa naye, sisi tukaendelea.

Njia yenyewe inapita kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, migomba juu na mibuni chini yake, mifereji yao iitwayo mifongo ikipeleka maji shambani. Aprili buni bado ni mbichi, maana mavuno huanza kama Julai, hivyo kahawa tuliyoitwanga ilikuwa ya msimu uliopita. Tuliitwanga kinuni huku wenyeji wakiimba, ikapepetwa, ikakaangwa kwenye moto wa kuni, tukainywa nguo zikitukaukia mwilini. Baada ya baridi ile ya korongoni, sijawahi kunywa kahawa tamu kama hiyo. Ndizi za nyama zilizofuata zilikuwa za kawaida.

Lawama yangu ni kwa waliotusafirisha kutoka mjini. Dereva alipiga simu tena na tena akituhimiza turudi kwa kuwa alikuwa na abiria wengine, na kumharakisha mtu kwenye utelezi kama ule ni kumtakia kuvunjika. Kodini gari la siku nzima na mkubaliane hivyo mapema. Bodaboda siipendekezi wakati wa mvua. Ondokeni Moshi asubuhi, kwani mawingu huelekea kujikusanya mlimani mchana.

Malipo ya kijijini yalitajwa yote kabla ya kuanza, yaani kiingilio, ujira wa mwongozaji, kahawa na chakula, na hakuna kilichoongezwa baadaye. Mtanzania aulizie bei ya wazawa. Watoto wadogo nisingewapeleka masika. Wao wangoje Januari au Februari, njia ikiwa kavu na bwawa limetulia.