Mto wa mimba, mkanda na jeli: kipi kinatuliza ule mshipa wa takoni mpaka mguuni?

Haya jamani karibuni, asalaam aleikum na hamjambo nyote, mie niko hapahapa Tanga na leo naongea na wajawazito wenzangu, hasa nyie mnaolala mnageuka usiku kucha kwa yale maumivu yanayoanzia takoni yanapiga kama umeme nyuma ya paja mpaka kwenye shavu la mguu. Hapa mezani nina mto mkubwa wa umbo la U wa dukani, nina mto wa sufi alionishonea fundi huku Ngamiani, nina mkanda wa kushikilia tumbo, na hii jeli ya kuchua ambayo shoga yangu kaniletea kwa nia njema kabisa. Nasema mapema ili mwenye bando dogo asihangaike: kama hela yako inatosha kitu kimoja tu, chukua mto, na sio lazima uwe huu wa bei. Mkanda utafuata. Jeli iweke pembeni kwanza, ntaeleza kwanini.

Kwanza tuelewane hii ni nini, maana ukijua kinachobanwa unajua na cha kununua. Ule mshipa wa fahamu unaitwa neva ya siatika, ndo neva nene kuliko zote mwilini, mizizi yake inatoka kwenye uti wa mgongo kule chini kiunoni, inapita ndani ya tako chini ya msuli mdogo hivi, halafu inashuka nyuma ya paja mpaka kwenye wayo. Sasa wewe una mimba, uzito wote umekuja mbele, mgongo unajipinda ili usianguke, halafu kuna homoni inaitwa rilaksini inalegeza viungo vya nyonga vijiandae na kujifungua, basi ile misuli ya takoni inakaza ili kukushikilia, na neva iko hapohapo katikati. Ndo unasikia kuwaka moto, mara ganzi, mara vidole vya mguu vinachonyota, na mara nyingi ni upande mmoja.

Ila si kila maumivu ya nyonga ni hiyo neva, na hili nalisema kwa msisitizo. Kama yanakaa mbele kwenye mfupa wa kinena, au nyuma pale penye vile vishimo viwili juu ya makalio, na hayashuki chini ya goti, uwezekano mkubwa ni viungo vya nyonga vyenyewe, na wengi wetu tuko kundi hilo. Siatika yenyewe hasa kwa wajawazito sio ya kila mtu. Muelezee nesi au daktari kliniki maumivu yanaanzia wapi yanaishia wapi, muoneshe kwa kidole, usimwambie tu kiuno kinauma.

Haya, mto. Huu wa U wa dukani uzuri wake unakushika mbele na nyuma kwa wakati mmoja, ukigeuka hauhitaji kuuhamisha, na kugeuka ndo penye kazi usiku. Mguu wa juu unalala juu ya mto, nyonga haipindi, ile neva inapumua. Lakini jamani ni mkubwa! Kitanda cha tano kwa sita mkiwa wawili baba watoto anabaki pembeni kabisa na chandarua kinamgusa usoni. Na hii foronya yake ya manyoyamanyoya kwa joto la Tanga hapana, kipindi cha kaskazi utaamka umeloa, mie nimeuvisha khanga mbili kuukuu na hapo ndo ukalalika. Halafu kuufua ni shughuli, ukiufua wakati wa masika ndani haukauki na unaanza kunuka uvundo, kwahiyo nunua tu wenye zipu, foronya ifuliwe peke yake.

Huu wa sufi sasa. Bei ya ule mmoja wa dukani hapa unashona miwili na chenji inabaki. Ni mrefu umenyooka, hauna mikunjo yoyote, na sufi haipandishi joto kama ile sponji na nyuzinyuzi za kiwandani. Kasoro yake sufi inashuka, baada ya muda inajikusanya upande mmoja na mto unakuwa bapa, inabidi uutoe juani uuchambue kwa mikono. Na fundi wengi wanajaza laini laini wakidhani mjamzito anataka ulaini, kumbe wewe unataka ushindiliwe, mguu ukiwekwa usizame. Mto ukizama goti linashuka, goti likishuka nyonga inajipinda na maumivu yako palepale.

Na angalieni hapa vizuri, ngoja nilale niwaoneshe. Watu wengi wanaweka mto kwenye magoti tu, mguu huku chini unaning'inia. Mto lazima ufike mpaka kwenye kifundo cha mguu, goti na kifundo viwe usawa mmoja na nyonga. Hivi. Halafu kipande kingine nyuma ya mgongo kukuzuia usirudi chali, kwa sababu kuanzia wiki ya 28 inashauriwa kulala ubavu, tumbo likishakuwa kubwa ukilala chali linakandamiza mishipa mikubwa ya damu inayorudi moyoni. Kulia au kushoto yote sawa, lala upande usiouma. Ukishtuka umelala chali usiogope, geuka tu. Na kugeuka kwenyewe bana magoti pamoja, zungusha mabega na nyonga kwa pamoja, usitangulize mguu mmoja, hapo ndo neva inapokukumbusha.

Mkanda. Huu una kitambaa kipana nyuma na pande mbili za kunata mbele, ile inayolia krrr. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2016 wa huduma za wajawazito limeitaja mikanda hii kati ya njia za kutumia kwa maumivu ya kiuno na nyonga, pamoja na fiziotherapia, na mazoezi ya mara kwa mara limeyapendekeza yenyewe. Mie naona unasaidia mchana, ukiwa na safari ya sokoni, ukisimama jikoni, ukipanda bajaji na hizi barabara zetu za mitaani. Ukikaa chini au ukilala vua. Unapita CHINI ya tumbo na juu ya mifupa ya nyonga, sio katikati ya tumbo, na vidole viwili vipite. Ukiona ganzi imezidi au pumzi inabana, umekaza sana. Vaa juu ya fulana ya pamba, maana jasho na huu mpira vikikutana vinatoa vipele.

Asiye na hela ya mkanda achukue khanga, aikunje kwa urefu iwe pana kama kiganja na nusu, aizungushe kwenye nyonga. Sio kibwebwe cha kiunoni, shusha chini zaidi pale mifupa ya nyonga inapotokeza, mtu akusaidie kuvuta ukiwa umesimama wima. Haidumu siku nzima, inalegea, lakini kwa kupika na kufagia inatosha.

Na tukiwa hapo jikoni, mbuzi ya kukunia nazi. Mama yangu, dada zangu, naomba kwa wajawazito wa nyumba zetu hii kazi tuwapokee. Unakaa chini karibu na sakafu, umeinama mbele, umepanua miguu na mkono unasukuma, mkao huu unaweza kuiamsha ile neva, halafu huku kwetu bila nazi hakuna chakula. Sokoni siku hizi wanakuna kwa mashine, mpe mtu akukunie, au nazi ikunwe na kijana wa nyumbani. Na beseni la kufulia lipandishwe juu ya stuli.

Jeli sasa. Hii ina diklofenaki, na shoga yangu alipewa kwa mgongo wake yeye ambaye hana mimba. Diklofenaki na ibuprofeni ni jamii moja ya dawa za maumivu, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2020 ilitoa tahadhari tuziepuke kuanzia wiki ya 20, sababu zinaweza kuathiri figo za mtoto tumboni na maji ya uzazi yakapungua. Ya kupaka inaingia mwilini kidogo kuliko kidonge lakini inaingia, kwahiyo usijipakie kienyeji, na duka la dawa waambie una mimba ya wiki ngapi kabla hawajakupa chochote. Parasetamoli ndo huwa ya kwanza kufikiriwa, nayo kwa kiasi kidogo na kwa maelekezo. Badala ya jeli chupa ya maji ya moto, sio yanayochemka, ifunge kwenye taulo uiweke takoni dakika 10 mpaka 15, tumboni hapana. Na bibi akitaka kukukanda na mafuta ya nazi akukande tako na paja taratibu, ila tumbo lisikandwe wala mtoto "asigeuzwe", hilo nakataa kabisa.

Sasa haya hayasubiri mto wala mkanda: ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, mkojo au haja kubwa kukutoka bila kujua au mkojo kugoma kutoka, mguu kuishiwa nguvu ukawa unauburuta, homa, damu, au maumivu ya kiuno yanayokuja na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37. Hapo chukua usafiri uende hospitali ya Bombo hapa Tanga au nyingine iliyo karibu, hata kama ni saa nane usiku, na msindikizwe.

Kuna aliyeniuliza kuhusu mazoezi. Kaa kwenye kiti kigumu, kifundo cha mguu unaouma kipandishe juu ya goti la pili, inama mbele kidogo mpaka usikie tako linavutika, sekunde 30, pumua, rudia. Ikichoma acha. Na kama uko karibu na Raskazone na bahari imetulia, ingia maji ya kifuani na mwenzio utembee polepole, maji yanakubebea uzito na mguu unakuwa mwepesi, mie hilo nalipenda kuliko vyote nilivyovinunua.

Mlioniomba vipimo vya fundi: lala ubavu umekunja magoti kidogo, mtu apime kwa kamba kutoka kifuani mpaka chini ya kisigino, huo ndo urefu. Unene, apime nafasi kati ya magoti yako mawili ukiwa umeyaachanisha usawa wa nyonga, halafu mwambie fundi aongeze kidogo sababu sufi itashuka. Kitambaa pamba, zipu iwe upande mrefu ili uweze kuongeza sufi mwenyewe. Kamba hiyo mpelekee fundi kama ilivyo, usimtajie kwa mdomo. Ukikwama andika kwenye komenti uko wiki ya ngapi na maumivu yanashuka mpaka wapi, ntawajibu.