Furman PL-PLUS DMC E kwenye umeme wa Bukavu: uzoefu wangu

Ukifanya kazi ya sono, yaani kufunga vyombo vya sauti, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, kinachokutoa jasho kabla ya spika na maiki ni umeme. Unafika ukumbini Kadutu, mtaa wa mlimani hapa mjini, saa kumi, volti ziko sawa, unajaribu maiki, kila kitu kinaitika. Jua likizama na kila nyumba ikiwasha jiko, balbu za ukumbi zinafifia, amplifaya zinaanza kuhema. Mvua ikiongezeka hapo, basi unakaa karibu na swichi usiku kucha.

Nimekuwa nikitumia mashine ya Furman, modeli PL-PLUS DMC E, kwenye harusi, kwaya, mazishi na mikutano ya mashirika inayotaka projekta. Nimeitumia vya kutosha sasa kusema ninachokiona. Ni kifaa kizuri sana cha kulinda vyombo na kuchuja umeme. Hakiongezi umeme uliopungua. Wauzaji wengi hawakwambii tofauti hiyo, na mnunuzi wa Bukavu anapaswa kuijua kabla hajatoa hela, kwa sababu umeme pungufu ndio unaotusumbua kila jioni.

Furman ni kampuni ya Marekani. Jim Furman aliianzisha mwaka 1974 huko California, na mwanzoni ilitengeneza vifaa vya wanamuziki, kama ile PQ-3 ya kurekebisha sauti. Baadaye ndipo ikageukia umeme wa studio na jukwaa. Ukiishika mashine yao unatambua kwamba waliowaza umbo lake wanajua fundi wa sauti hufanya kazi gizani. Mbele kuna taa mbili ndogo unazozivuta nje kama droo nyembamba, zinamulika miksa na vifaa vilivyo chini yake, na kuna kitufe cha kupunguza mwanga. Katikati kuna tarakimu zinazoonyesha volti. Ukigeuza swichi zinaonyesha ampea. Inaingia kwenye raki ya kawaida ya inchi 19 na inachukua nafasi moja tu. Tundu za nyuma ni zile za waya wa kompyuta, kwa hiyo uwe na waya wa kutosha wa aina hiyo, au ralonji (waya wa kuongezea) fupi yenye kichwa chake. Mimi nilizikata na kuziunga mwenyewe.

Tarakimu za volti peke yake zimebadilisha kazi yangu. Zamani nilikuwa nakisia kwa kuangalia balbu. Sasa naona: 218, 205, 190. Ikifika 185 namwambia kijana wangu apunguze besi. Ikiendelea kushuka tunahamia kwenye jenereta kabla mambo hayajaharibika, na bwana harusi hajui kama kulikuwa na tatizo.

Sasa nieleze kazi yake halisi. Siku moja tulikuwa na tamasha la kwaya kwenye ukumbi ulio kwenye mteremko. Katikati ya wimbo wa tatu balbu zote ziliwaka kwa nguvu, nyeupe kabisa, feni ikaanza kupiga kelele, na mara ile ile sono yetu ikanyamaza. Kwenye Furman taa ya onyo la volti kupita kiasi ilikuwa inawaka. Mama mmoja wa kwaya akanijia mbio: "Papa, moto imefanya nini?" (moto kwetu ni umeme). Nikamwambia wasubiri, wasiguse kitu. Nilienda kupima kwenye prizi ya ukutani na mita yangu nikakuta zaidi ya volti 300. Runinga ya ukumbi iliyokuwa imechomekwa moja kwa moja ukutani ilitoa moshi, na chaja za simu za vijana ziliungua. Miksa yetu, amplifaya, na vipokeo vya maiki zisizo na waya vilikuwa salama. Umeme uliporudi kuwa sawa tuliwasha tena na kwaya ikaendelea.

Kilichotokea ni kwamba nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, ilikatika mahali fulani kwenye mtandao wa mtaa. Jambo hili linajulikana kwa mafundi wetu. Umeme wa mtaa unakuja kwa fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye umeme. Kati ya fezi moja na nyutro kuna volti 220, lakini kati ya fezi na fezi kuna 380. Nyutro ikikatika, nyumba za fezi tofauti zinajikuta zimefungwa kwa mfululizo kati ya fezi mbili na zinagawana hizo 380. Yenye mzigo mkubwa inapata volti chache, yenye mzigo mdogo inapata nyingi. Ndiyo maana mtaa ule ule, kwa jirani taa zimefifia, kwako friji imeungua. Ralonji ya kawaida yenye kitaa chekundu na maandishi ya kinga haina cha kufanya hapo. Ndani yake kuna varista, kipande kidogo ambacho kazi yake ni kumeza mpigo wa sehemu ndogo sana ya sekunde. Volti 300 zikidumu dakika nzima, varista inachemka na kuungua, na wakati mwingine inawasha plastiki. Furman wameweka mzunguko unaokata kabisa umeme unapopanda mno, na kwa mji wetu, kwa maoni yangu, kukata huko ndiko unakokulipia sehemu kubwa ya bei.

Varista hata kwa mipigo midogo huchakaa. Kila ikimeza mpigo inapungua uwezo, hadi siku unadhani una kinga kumbe una kibanio cha plastiki tu. Mfumo wa Furman wanaouita SMP umepangwa kwa hatua kadhaa kwa mfululizo, ili varista isibebe mzigo wote peke yake, na taa ndogo ya mbele inaonyesha kama kinga bado ipo. Hiyo taa naiangalia kila ninapofunga raki.

Radi ni habari nyingine. Watu wa nje hawaelewi tunaposema radi ya kwetu ni kali, wanadhani tunatia chumvi. Utafiti wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliweka eneo la Kabare, hapa hapa jirani yetu, nafasi ya kwanza Afrika na ya pili duniani, kwa mimuliko kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Mbele yake kuna Ziwa Maracaibo la Venezuela tu, lenye 233. Tunaishi chini ya wingu hilo. Radi ikipiga mbali na mpigo ukaja kwa waya, mashine hii ina nafasi nzuri ya kuumeza. Radi ikipiga nguzo iliyo mbele ya ukumbi, hakuna kisanduku cha raki, cha kampuni yoyote, cha kukuahidi usalama. Kwa hiyo sheria ya kikosi chetu haijabadilika: ngurumo zikikaribia tunahamia jenereta na waya wa ukumbi unachomolewa kutoka prizi, siyo kuzimwa kwa swichi. Na kama antena ya maiki au kebo ndefu ya video inatoka nje ya jengo, nayo ichomolewe, kwa sababu mpigo unaingia kwa mlango wowote ulioachwa wazi.

Nirudi kwenye umeme pungufu. PL-PLUS inakuonyesha kwamba una volti 170, na inakupitishia hizo hizo 170. Wapo rafiki zangu waliokasirika kwa hilo, wakasema mashine ni mbovu. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Furman wana mashine nyingine za kusawazisha volti, zenye herufi AR kwenye jina, lakini nyingi ya hizo ni za umeme wa Marekani wa volti 120. Kwetu dawa ni stabilizateri nzuri (kisawazisha volti) mbele yake: prizi, stabilizateri, Furman, halafu vyombo. Mimi nachagua stabilizateri ya mota ya servo kuliko ya rilei. Ya rilei inaruka kwa ngazi, tak-tak usiku kucha, na kila kuruka unakusikia kwenye spika kama vifaa vyako ni nyeti. Ya servo inateleza polepole. Uzito wake ni mkubwa, vijana wanalalamika kuibeba kwenye ngazi za Kadutu, lakini sauti inakuwa tulivu.

Hapa kuna hesabu ambayo ningependa kila fundi aifanye kabla ya kulaumu stabilizateri. Ukihitaji wati 2000, kwa volti 220 unavuta kama ampea 9. Volti za ukutani zikishuka hadi 160, stabilizateri inapaswa kuvuta ampea 12 na nusu ili itoe zile zile wati 2000, bila kuhesabu inazopoteza yenyewe. Waya mwembamba wa ukumbi na prizi iliyolegea vitachemka. Gusa kichwa cha waya baada ya nusu saa. Kikiwa cha moto, punguza mzigo au tafuta prizi nyingine karibu na mita.

Tena siyo kila chombo kinahitaji stabilizateri. Soma maandishi nyuma ya chombo. Miksa nyingi za dijitali, kompyuta na projekta za siku hizi zimeandikwa 100–240V, kwa hiyo kushuka hadi 170 haziumii. Zinazoteseka ni amplifaya za zamani zenye transfoma nzito. Miksa ya dijitali kilio chake ni kukatika: umeme ukipotea sekunde moja inazima na kuanza upya, na waumini wanakaa kimya wanakuangalia. Hiyo nimeiwekea ondulere (UPS, yenye betri ya akiba) ndogo peke yake. Projekta ya taa nayo, ikikatikiwa ghafla, feni inasimama wakati taa bado ni ya moto sana, na hivyo ndivyo taa za bei zinavyokufa mapema. Kama una projekta ya namna hiyo, ondulere yake inunuliwe kabla ya Furman.

Kuhusu kuchuja: kichujio chao, LiFT, kinasaidia pale kelele inapokuja kwa waya wa umeme. Niliisikia tofauti waziwazi tulipokuwa kwenye jenereta ndogo ya petroli na taa za disko zenye dima (kipunguza mwanga) upande wa pili. Ule mkwaruzo wa juu, kama mchanga kwenye spika, ulipungua sana. Lakini ule muungurumo mzito wa mmm unaotokana na waya wa ardhi wa vifaa viwili vilivyochomekwa prizi tofauti, Furman haiuondoi. Huo unauondoa kwa kuchomeka jukwaa na miksa kwenye chanzo kimoja, au kwa kisanduku cha transfoma ya kutenganisha kwenye njia ya sauti. Msikate pini ya ardhi jamani. Nimeona gitaa likimpiga shoti mwimbaji aliyeweka mdomo kwenye maiki. Kumbi nyingi za kwetu prizi zake hazina ardhi kabisa. Mwenye ukumbi akikubali, fimbo ya shaba iliyopigwa kwenye udongo wenye unyevu na waya mnene ni kazi ya siku moja.

Kipimo chake ni ampea 10, yaani kama wati 2300. Kwa kwaya, mkutano na harusi ya wastani inatosha. Ukiwa na masabwufa (spika za besi) makubwa, ama uyagawe kwenye njia nyingine, ama uchukue dada yake mkubwa, PL-PRO DMC E ya ampea 16. Kuwasha ni kwa zamu: miksa na vyanzo kwanza, amplifaya mwisho, kuzima ni kinyume chake. PL-PLUS haikufanyii zamu hiyo, swichi yake ni moja kwa vyote, kwa hiyo amplifaya ziachwe zimezimwa kwa swichi zao mpaka mengine yaamke. Kampuni ina mashine za kuwasha kwa zamu zenyewe, zinafaa zaidi kanisa au studio ambako raki haihami.

Bei inafikia mamia ya dola, na hapo bado hujalipa usafiri. Yangu ilinunuliwa Ulaya na ndugu, ikaja na mzigo mwingine kupitia Kamembe, ng'ambo ya mpaka Rwanda. Pesa hizo ukizilinganisha na amplifaya moja iliyoungua pamoja na siku za kukodi nyingine, mimi naziona ni halali. Kwa mwenye spika mbili zenye amplifaya ndani yake na miksa ndogo, ningesema stabilizateri kwanza, Furman baadaye.

Ukinunua mtandaoni au ukiletewa na mtu kutoka Amerika, angalia herufi E mwishoni mwa jina la modeli, kisha geuza mashine usome nyuma: lazima iandikwe 220–240V. Zipo sokoni za volti 120, sura ni ile ile, bei ya chini inavutia, na kwenye prizi ya Bukavu hazina kazi.