Propela ya mbele ya krosi mbili kwa Hilux iliyonyanyuliwa: nani anaihitaji na inafungwaje

Tunazungumzia Hilux za zamani zenye ekseli nzima mbele na springi za matabaka, hasa LN106 ya dizeli, zilizonyanyuliwa kati ya milimita 75 na 125 ili zipite kwenye tope la Bundibugyo au udongo mweusi wa Karamoja, Uganda. Ukishanyanyua kiasi hicho, propela ya mbele (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele kutoka transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) inasimama wima kuliko ilivyokusudiwa, na fundi wa kwanza utakayemuuliza atakwambia ubadilishe, uweke ile yenye krosi mbili, yaani viungo viwili vinavyopinda vilivyofuatana, upande wa transfa. Kifaa chenyewe ni kizuri. Tatizo ni kwamba wengi hukinunua ili kitibu ugonjwa ambao hakiutibu: mtetemo kwenye lami.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanya hivi. Fungua loki za magurudumu ya mbele (zinazounganisha magurudumu na ekseli), weka transfa kwenye 2H (nguvu nyuma tu), kisha endesha kwa kilomita 80 kwa saa kwenye lami laini. Barabara ya kulipia ya Entebbe inafaa kuliko zote kwa sababu haina mashimo ya kukuchanganya, na shilingi 5,000 za kupita ni nafuu kuliko propela. Gari likitetemeka katika hali hiyo, propela ya mbele haina kosa: loki zikiwa wazi na transfa ikiwa 2H, propela hiyo haizungushwi na kitu chochote. Tafuta nyuma. Mara nyingi ni beringi ya kati ya propela ya vipande viwili, ambayo baada ya gari kunyanyuliwa hubaki juu mno na kulazimisha krosi zipinde vibaya. Kipande cha chuma cha milimita 15 hadi 25 kati ya beringi hiyo na chesi huondoa mtetemo mwingi. Au ni kabari za springi za nyuma zilizowekwa kwa kukisia bila kupima.

Propela ya krosi mbili ina maana pale ambapo ile ya zamani inagonga. Nyanyua gari kwa chesi mpaka ekseli ya mbele ining'inie, weka gia huru, halafu zungusha propela kwa mkono. Ikikwama, au ukiona chuma kinang'aa penye masikio ya uma, ujue krosi imefika mwisho wake. Siku gurudumu moja likining'inia juu ya mtaro huku unakanyaga mafuta kwenye 4L (nguvu mbele na nyuma, gia nzito), krosi hiyo itapasuka, na kipande kinachobaki kikizunguka kinaweza kupiga kasha la gia. Mwingine anayeihitaji ni yule anayeendesha 4H (nguvu mbele na nyuma, gia ya kasi) kwa mwendo mrefu kwenye murami wakati wa mvua na kusikia mngurumo kuanzia kilomita 50 kwa saa.

Sababu yake ni hii. Krosi moja ikipinda, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo sawa. Huharakisha na kupunguza mara mbili kila mzunguko. Kwenye digrii 10 tofauti hiyo ni karibu asilimia 1.5 kila upande, kwenye digrii 20 ni kama asilimia 6, na kwenye digrii 30 imepita 13. Propela ya kawaida hujirekebisha kwa kuwa na krosi ya pili yenye pembe ileile upande wa difu (gia za ekseli), ikifuta kosa la ya kwanza. Kichwa cha krosi mbili hugawa pembe: digrii 24 zinakuwa 12 na 12, na tufe dogo la katikati hulazimisha mgawanyo huo ubaki sawa. Kwa hiyo upande wa transfa umeshajimaliza wenyewe, na krosi iliyobaki kwenye difu inatakiwa iwe karibu imenyooka, yaani digrii 0 hadi 2, kwa sababu haina mwenzake wa kuifutia kosa.

Hapo ndipo ushauri mwingi wa gereji unapopotoka. Ili pinioni ya mbele (mhimili mdogo wa difu unaofungwa propela) ielekee kwenye transfa, fundi ataweka kabari chini ya springi. Kabari ya digrii 4 inainua pinioni digrii 4, lakini inazungusha ekseli nzima, na kasta (mwinamo wa ekseli unaofanya usukani urudi katikati) inashuka digrii zilezile 4. Gari linaanza kutangatanga kwenye lami, usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na kila lori linalokupita linakusukuma kando. Kwa gari lenye loki za mkono, usikubali. Kasta unaitumia kila siku, propela ya mbele unaitumia kwenye tope kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Kwa mwendo huo krosi ya difu inavumilia digrii 5 au 6 bila malalamiko. Acha pinioni ilipo, au weka kabari ya digrii 2 tu kama kasta yako bado ina nafasi baada ya kupimwa kwenye mashine.

Sasa bidhaa zenyewe. Zipo njia mbili.

Ya kwanza ni kichwa kilichotumika. Propela za mbele za Hilux na Surf zenye sasipensheni huru mbele, za miaka ya 1986 hadi 1995, nyingi zina krosi mbili upande wa transfa, na kwa kuwa Surf za Japani zilizochinjwa hazikosekani kwenye maduka ya vipuri Kampala, anzia Kisekka. Kichwa hicho kinakatwa na kuunganishwa na bomba pamoja na splaini (meno yanayoteleza ili propela irefuke na kufupika) ndefu zinazokufaa. Ya pili ni mpya iliyotengenezwa kwa vipimo vyako. Tom Wood's wa Ogden, Utah, Marekani, wanajulikana kwa kazi hii. Unapata splaini ndefu, bomba nene na kazi iliyobalansiwa, lakini unalipia usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, na ukikosea kipimo kwa milimita 20 hakuna wa kukupokelea mzigo urudi.

Kwa Hilux ya dizeli isiyo na nguvu za kutisha, tunapendekeza ile ya kwanza, kwa sharti moja: ujue kuchagua. Shika kichwa kwa mikono miwili, kipinde taratibu mpaka mwisho kila upande. Kiteleze bila kukwamakwama. Kikishikilia katikati kama kina kijishimo, vijiti vya beringi vimeshachimba krosi. Kisha kisukume na kukivuta kwa urefu wake. Kiwango cha Toyota kwa mchezo wa krosi ni chini ya milimita 0.05, yaani mkono wako usihisi chochote. Unga mwekundu pembeni ya kofia za krosi ni kutu ya beringi kavu. Krosi hizo zinabadilishwa, na klipu zake zinapatikana kwa unene tofauti ili ubane mchezo sawasawa. Lakini kama tufe la kati limelegea, rudisha kichwa kwa mwenye duka. Hapo hakuna ukarabati wa kuaminika.

Angalia pia kama kuna nipeli ya grisi ya kati. Wenye Land Rover Discovery ya pili, ya 1998 hadi 2004, wanalijua somo hili: propela yake ya mbele ina krosi mbili zilizofungwa bila nipeli, tufe hukauka, kichwa huvunjika na kutoboa kasha la gia.

Vipimo vya urefu vinachukuliwa mara tatu, toka uso wa flenji ya transfa hadi uso wa flenji ya difu: gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na mzigo wa kawaida, ekseli ikining'inia kabisa, na ekseli ikiwa imegusa raba za kuzuia. Gari likisimama kawaida, splaini zibaki na nafasi ya kuingia inayozidi kwa milimita 20 angalau kiasi ambacho propela hufupika ekseli ikipanda hadi raba. Ekseli ikining'inia, ziwe bado zimeshikana si chini ya milimita 50. Ikosekane nafasi ya kuingia, propela itasukuma beringi za transfa kwenye tuta la kwanza. Pima pia matundu ya flenji kutoka kitovu hadi kitovu, kwa sababu Toyota ilitumia mpangilio zaidi ya mmoja, na kupanua matundu kwa faili ni kuharibu kazi yote.

Kuchomelea ndiko kunakoamua kama kazi itadumu. Bomba liwe jipya, unene wa milimita 3, liingie kwa kubanwa. Krosi zitolewe kwanza, maana joto huua sili zake. Fundi ashike kwa nukta nne, aweke kwenye lathi, apime mpindo kwa saa ya kupimia: kikomo ni milimita 0.8, na fundi mzuri wa Katwe, Kampala, anafika chini ya nusu yake bila jasho. Ndipo azungushe mshono kamili. Asichomelee propela ikiwa kwenye gari, kwa kuwa umeme ukipita kwenye beringi huacha vidoa vinavyokuja kuwa vishimo. Mwisho ibalansiwe kwenye mashine. Kwa anayepita 4H kwa mwendo wa kasi hili si la hiari.

Kufunga ni kazi ya saa moja. Zuia magurudumu, tia alama ya rangi kwenye flenji za zamani, fungua nati nne kila upande kwa spana ya 14. Safisha nyuso za flenji mpaka chuma kionekane, tumia bolti mpya, kaza 74 Nm kwa spana ya kipimo. Zungusha propela ekseli ikiwa inaning'inia na uangalie kichwa, kwa sababu ni kinene kuliko cha zamani: kinataka milimita 15 za nafasi kutoka kwenye mhimili wa gia boksi na bomba la moshi. Kikigusa mhimili, ukate mhimili na kuuimarisha. Usisage kichwa.

Krosi za kawaida zinapewa grisi ya lithiamu namba 2, lakini tufe la kati linataka yenye molibdeni. Nipeli yake imezama ndani, hivyo nunua mdomo wa sindano wa bunduki ya grisi. Fundi asiye nao ataruka nipeli hiyo bila kukwambia. Paka kila kilomita 5,000, na siku hiyohiyo ukivuka mto au gari likioshwa kwa presha. Ukisikia mlio kama wa kifaranga ukienda polepole kwenye 4H, ni tufe linalokauka, na bado kuna muda wa kuliokoa.

Baada ya kilomita 500 kaza bolti tena. Propela ya zamani usiiuze kama chuma chakavu: flenji ni zilezile, na ukiwa mbali kama Moroto kichwa kikiharibika, unaweza kuirudisha, au ukaivua ya mbele yote na kurudi nyumbani kwa 2H.