libcurl kwenye mtandao wa milimani: inafaa, ila iwekee kikomo cha muda

Kama unaandika kwa lugha ya C na programu yako inatakiwa kutoka nje kwenda kuitafuta seva, mimi nakushauri libcurl, laibrari ya kutuma na kupokea data mtandaoni. Nasema hivyo kwa sababu naitumia mahali ambapo mtandao haumwonei mtu huruma: kwenye vifaa vya kupima joto la matangi ya kupozea maziwa, katika vituo vya kukusanyia maziwa vya Lushoto na vijiji vya Korogwe. Kila kifaa ni kompyuta ndogo ya Linux, modemu ya USB, laini ya simu na kipimajoto. Kila baada ya dakika tano kinatuma joto la tangi kwenye seva, na joto likipanda, mhudumu wa kituo anapata ujumbe kabla maziwa hayajaganda. Mkulima aliyeamka saa kumi alfajiri kukamua hajui soketi (mlango wa programu wa kuwasiliana na mtandao) ni nini, wala hapaswi kujua. Ila soketi ikikwama, hasara ni yake.

Laibrari yenyewe ina historia ndefu. Mwaka 1996 Daniel Stenberg wa Sweden alichukua kiprogramu kidogo kiitwacho httpget, kilichoandikwa na Rafael Sagula wa Brazil, akakiboresha ili apate viwango vya kubadilishia fedha. Jina la curl lilikuja Machi 1998, na mwaka 2000 ile injini yake ikatolewa kama laibrari ambayo programu nyingine zinaweza kuitumia. Ni ya bure, na leseni yake haikubani hata ukiiweka ndani ya kifaa unachokiuza. Ninachokithamini zaidi ni kwamba tangu toleo la 7.16.0 la mwaka 2006 hawajavunja makubaliano na programu za zamani. Kwa kifaa kilichofungwa ukutani kijijini, jambo hilo lina uzito. Tundu la usalama likizibwa, kama lile la SOCKS5 (njia ya kupitia seva wakala) lililozibwa kwenye toleo la 8.4.0 Oktoba 2023, nasasisha libcurl peke yake na programu yangu siigusi.

Ukitaka kuijua thamani yake, jaribu kuifanya kazi hiyo kwa mkono. Unaita getaddrinfo ya kutafuta jina la seva, inakupa orodha ya anwani, nyingine za IPv6 (mfumo mpya), nyingine za IPv4 (mfumo wa zamani). Unafungua soketi, unaiweka isizuie programu, unaita connect, unarudishiwa EINPROGRESS (bado inaunganisha), unasubiri kwa poll, halafu unauliza SO_ERROR ili ujue kama kweli umeunganishwa. Ukishindwa unahamia anwani inayofuata na kuanza upya. Na ukiiacha soketi izuie kama ilivyozoea, Linux itaendelea kujaribu kwa zaidi ya dakika mbili ndipo ikate tamaa. Hapo TLS (usimbaji wa mawasiliano) bado hujaigusa kabisa.

Kwa libcurl unaita curl_global_init mara moja programu inapoanza, kisha curl_easy_init, curl_easy_setopt, curl_easy_perform na mwishoni curl_easy_cleanup. Suala la IPv6 na IPv4 inalimaliza yenyewe: inaanza na IPv6, na milisekunde 200 zikipita bila jibu inaanzisha IPv4 sambamba, itakayotangulia ndiyo inayotumika. Zipo laini zinazokupa anwani ya IPv6 ambayo haifiki popote, na kwa laini za namna hiyo mbio hizi ndizo zinazookoa kazi.

Lakini sifa ninayoipa kura ya kwanza ni kwamba libcurl inakuambia ukweli kuhusu mahali safari ilipokwamia. Mtu akikupigia simu kutoka kituoni na kukuambia, "Kaka, kile kitaa chako chekundu kimewaka tangu asubuhi," hutaki logi iliyoandikwa "imeshindwa" basi. Namba 6 ni jina la seva halikupatikana. Namba 7 ni jina limepatikana ila kuunganisha kumeshindikana. Namba 28 ni muda umekwisha. Namba 60 ni cheti cha utambulisho wa seva hakikukubalika. Ukiongeza CURLOPT_ERRORBUFFER, unapata na maelezo ya maneno.

Safari inapofika salama pia unaweza kuipima kipande kwa kipande kwa curl_easy_getinfo: muda wa kutafuta jina, muda wa kuunganisha, muda wa TLS kukamilika, muda wa baiti ya kwanza kurudi. Kumbuka kwamba namba zote zinahesabiwa tangu mwanzo wa safari, kwa hiyo kujua TLS peke yake imekula kiasi gani, toa muda wa kuunganisha kwenye muda wa TLS. Kuna kituo bondeni ambacho kila mtu alikuwa anaulaumu mnara wa simu. Nilipoziweka namba hizo kwenye logi, kutafuta jina peke yake kulikuwa kunachukua karibu sekunde nne, na kuunganisha hakufiki hata sekunde moja. Tatizo lilikuwa seva ya majina iliyokuja na modemu. Ilipobadilishwa, kituo kikawa sawa na vingine. Bila vile vipimo tungeendelea kununua antena.

Sasa niseme nisichokipenda. Usipoiambia kitu, libcurl iko tayari kusubiri sekunde 300 kuunganisha. Dakika tano nzima! Na kikomo cha safari yote, CURLOPT_TIMEOUT, kinaanzia sifuri, maana yake hakuna kikomo. Naelewa kwamba anayeshusha faili kubwa hataki kukatwa njiani. Ila kwa kifaa kinachojitegemea, mtandao ukififia katikati ya kutuma, programu inaweza kubaki pale pale imeganda huku tangi likipata joto. Mimi naweka CURLOPT_CONNECTTIMEOUT sekunde 20, na kikomo cha jumla sekunde 45. Hizo 20 zinajumuisha kutafuta jina na TLS pia, kwa hiyo usibane sana: kwenye 2G ya milimani, sekunde tano ni kumnyima mtu nafasi. Kwa mafaili makubwa, kama masasisho, nimeona CURLOPT_LOW_SPEED_LIMIT na CURLOPT_LOW_SPEED_TIME zinafaa zaidi. Kasi ikishuka chini ya kiwango ulichotaja kwa muda uliotaja, safari inakatwa. Ikiwa inasogea polepole lakini inasogea, inaachwa imalize.

Jingine ni bando. Joto la tangi likiandikwa halifiki baiti 100, lakini kufungua TLS upya kunabeba vyeti vya kilobaiti kadhaa kila mara. Libcurl inahifadhi muunganisho uliotumika ili uutumie tena, mradi usiibomoe ile hendo yako (uliyopewa na curl_easy_init) kila unapomaliza kutuma. Tatizo ni kwamba muunganisho uliokaa kimya zaidi ya sekunde 118 inauhesabu kuwa umezeeka na haiutumii tena. Kwa anayetuma kila dakika tano, hiyo ina maana TLS mpya kila safari. Pandisha CURLOPT_MAXAGE_CONN, uwashe na CURLOPT_TCP_KEEPALIVE, kwa sababu mitandao ya simu hukata miunganisho iliyonyamaza bila kumuaga mtu. Ikitokea umekatwa hivyo hivyo, libcurl inagundua na kufungua mpya bila wewe kuandika mstari wowote wa ziada.

Hili la cheti naomba wenzangu walisome kwa makini. Kompyuta hizi ndogo nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi, kifaa kinaamka kikidhani ni mwaka 1970, na kila cheti kinaonekana hakijaanza kutumika. Matokeo ni namba 60. Nimeona programu nyingi ambazo "dawa" yake ni kuweka CURLOPT_SSL_VERIFYPEER sifuri. Tafadhali msifanye hivyo. Tangu 2002 libcurl inakagua cheti bila kuombwa, na kuuzima ukaguzi huo ni kumruhusu yeyote aliyeko njiani ajifanye seva yako. Kinachotakiwa kurekebishwa ni saa: kifaa kipate saa kwa NTP (huduma ya saa ya mtandaoni) kwanza ndipo kitume, au nunua kisaa chenye betri kidogo. Ni shilingi chache.

Upande wa uandishi, curl_easy_setopt inapokea hoja ya aina yoyote, hivyo kompaila haikulindi kikamilifu. Panapotakiwa namba ya aina ya long, andika 20L, usiandike 20 tupu. GCC yenye maonyo yaliyowashwa husaidia kukamata hayo. Chaguo zenyewe ni kama 300, na mgeni anaweza kuchanganyikiwa, ingawa kila moja ina ukurasa wake wenye thamani ya awali na mfano. Sijakutana na laibrari ya C iliyoelezwa vizuri kuliko hii.

Ukihitaji kufungua miunganisho mingi kwa pamoja, kuna curl_multi. Ukiitumia na curl_multi_poll, iliyokuja mwaka 2019, kazi ni nyepesi. Ile njia ya kuiunganisha na epoll (njia ya Linux ya kusubiri soketi nyingi) yako mwenyewe ni ngumu kweli, na kama miunganisho yako haifiki mamia usijisumbue nayo.

Mahali ambapo nisingeiweka ni kwenye chipu ndogo kabisa zisizo na Linux, zenye kumbukumbu ya kilobaiti za kuhesabu. Huko natumia soketi za lwIP (laibrari ya mtandao ya vifaa vidogo) moja kwa moja na mbedTLS (laibrari ya TLS) juu yake, na zile hatua za kutafuta jina, kusubiri na kurudia naziandika mwenyewe, nikifuata mpangilio ule ule wa libcurl.