Soksi za kubana miguu: duka lililonipima kwa macho

Anayeuza soksi za tiba bila kuwa hata na futi ya kupimia pale kaunta hapaswi kuziuza, na ndivyo lilivyo duka la vifaa tiba nililonunua zangu hapa Dar es Salaam. Naandika nikiwa bado na hasira, ingawa jambo lenyewe lilitokea kabla ya mvua za masika.

Mimi ni muuza vitambaa, kazi ya kusimama tangu asubuhi hadi magharibi. Tangu nilipopata mtoto wangu wa mwisho, mishipa ya mguu wa kushoto imejitokeza nyuma ya goti na kujipindapinda hadi kwenye shavu la mguu, huku pajani kukiwa na ile mingine myembamba ya zambarau iliyotandaa kama utando wa buibui. Daktari alinieleza kwa upole kwamba ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, mna vali, vilango vidogo vinavyoipitisha damu kuelekea moyoni na kuizuia isirudi chini. Vali hizo zikilegea, damu hujikusanya na mshipa hutanuka. Ile myembamba, alisema, aghalabu huharibu sura tu, lakini minene huleta uzito na uvimbe wa jioni, na ikipuuzwa kwa miaka, ngozi iliyo juu ya kifundo inaweza kugeuka kahawia na hata kufanya kidonda kisichopona upesi. Akaniandikia soksi za kubana hadi chini ya goti, zenye nguvu ya kubana ya milimita 20 hadi 30 za zebaki, kipimo kilekile cha presha ya damu, na chini yake akaongeza neno moja: apimwe.

Kijana wa dukani aliitazama karatasi ile, akautazama mguu wangu kutoka ng'ambo ya kaunta, akasema, "Mama, wewe ni laji." Nikamwomba anipime. Akajibu kwamba soksi haipimwi kwa kuwa inavutika yenyewe, kisha akaongeza, mbele ya wateja wengine, kwamba mishipa ile ni ya uzee na kwamba gauni refu lingenitosha. Mimi sijawahi kumkatia mteja hata robo mita ya kitambaa bila kupima, na kitambaa hakimdhuru mtu.

Soksi ile ilinidhuru. Ilikuwa ndefu kupita kiasi, kwa hiyo ukingo wa juu ulijikunja na kuwa pete iliyonikaza chini ya goti, mahali ambapo soksi hizi hazitakiwi kukaza kuliko kwenye kifundo. Kufikia adhuhuri vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na nilipoivua nilikuta mfereji mwekundu umeuzunguka mguu mzima. Nilipoirudisha niliambiwa kwamba kilichokwisha kuvaliwa hakirudishwi. Kanuni hiyo ningeikubali, kwa sababu ya usafi, kama wangenipima kwanza.

Nilikuwa tayari kuwaambia watu wote kwamba soksi hizi ni upotevu wa fedha. Lakini nilirudi hospitali, na dada wa mazoezi ya viungo akanipima asubuhi kabla mguu haujavimba: mzunguko wa kifundo palipo pembamba, mzunguko wa shavu la mguu palipo panene, na urefu kutoka sakafuni hadi chini ya kunjo la goti. Ikatoka saizi ya kati. Akanionyesha jedwali la vipimo lililochapwa ubavuni mwa boksi lilelile nililouziwa, na hapo hasira ikanipanda upya. Jozi ya pili naivaa kabla sijashuka kitandani na kuivua ninapolala, na jioni miguu yangu hainiwaki tena. Mishipa ingalipo, maana soksi haiiondoi, lakini nasimama hadi kufunga duka. Kwa hiyo soksi zenyewe nazisifu kwa moyo wote.

Duka nilitaka kulisamehe kidogo, kwa kuwa lina aina nyingi na bei yake si mbaya. Kisha nakumbuka kwamba siku ile nilikusudia kumnunulia dada yangu jozi nyingine, naye ana kisukari, na kijana yule hakuniuliza ni za nani wala zina kazi gani. Mtu ambaye mishipa yake inayopeleka damu miguuni imeziba, kama inavyoweza kumtokea mwenye kisukari, hatakiwi kuvaa soksi hizi kabla daktari hajaichunguza, kwa kuwa zinaweza kuikosesha nyayo damu. Sisamehi. Nyota moja, nayo ni ya binti wa kwenye malipo, aliyeniomba radhi kwa maneno ya mwenzake na kunishika mkono hadi mlangoni.