A Memory of Light: vita nimeshiba, msiba nimenyimwa

Kama bado unasoma The Wheel of Time, ule mfululizo wa riwaya za kifantasia, na hujafika kitabu cha 14 ambacho ndo hiki cha mwisho, ishia hapa hapa, maana nataja waliokufa kwa majina.

Nimekimaliza na mpaka saa hizi sijui niseme nimefurahi au nimeumia. Yaani kimenipa karibu kila nilichokisubiri afu kikaninyima kile nilichokihitaji zaidi, nafasi ya kuwalilia watu wangu.

Tuanze na haki yake kwanza. Robert Jordan alianza kuitoa hii stori 1990 akafariki 2007 haijaisha, mkewe Harriet McDougal ambaye ndo alikuwa mhariri wake akamchagua Brandon Sanderson amalizie kwa kufuata maandishi aliyoacha marehemu, kilichotakiwa kuwa kitabu kimoja kikawa vitatu na hiki cha mwisho kikatoka Januari 2013. Kumalizia kazi ya marehemu sio mchezo aisee, wahusika wamejaa na kila mmoja ana watu waliomfuata miaka zaidi ya 20. Na Sanderson kajituma kweli. Ile sura ya 37, Vita ya Mwisho yenyewe, ni kama kitabu ndani ya kitabu, inakaribia kurasa 200 na hamna pa kupumzikia, unatolewa kwa huyu unapelekwa kwa yule, huku Androl, mmoja wa wanaume wenye nguvu za uchawi, anafungua mlango hewani uji wa moto wa volkano unamwagikia jeshi la Trolloc, yale majitu nusu wanyama ya adui, huku majenerali wote wakubwa wameshachezewa akili ndotoni na hakuna wa kumwamini isipokuwa Mat, rafiki wa utotoni wa Rand, shujaa mkuu wa stori.

Afu Lan, yule bingwa wa upanga. Demandred, jemadari wa adui, ameshamuua Gawyn, ameshamkata kaka yake Galad mkono, ndo anakuja Lan, na anapoona hawezi kumshinda kwa ufundi anaacha kujikinga, anajisukuma mwenyewe kwenye upanga wa adui uingie ubavuni ili wa kwake umfikie yule kooni. Hiyo mbinu alimfundisha Rand tangu vitabu vya mwanzo kabisa, kwamba ipo siku upanga utauweka kwenye mwili wako mwenyewe, na hapa anaitumia yeye. Nilisimama nikazunguka chumbani. Hapo hakuna cha kulaumu.

Sasa kinachoniuma. Egwene, binti wa kijijini aliyekuja kuushika Mnara Mweupe wote, makao ya wanawake wenye nguvu za uchawi, anampoteza mumewe Gawyn, anasimama, anammaliza Taim msaliti na kuliokoa jeshi kwa kujiteketeza mwenyewe mpaka mwili unageuka kioo. Pazuri mno. Halafu? Stori inasonga! Rand anamlilia kidogo kule pangoni anakopambana na adui mkuu basi, lakini Mat, Perrin, Nynaeve, Elayne, watu waliotoka naye mbali, hatupewi hata sehemu moja wamekaa pamoja kumuomboleza. Siuan, aliyewahi kuushika huo Mnara, na jenerali Bryne ndo kabisa, wamekufa pembeni kwa aya chache, watu tuliowafuata vitabu kibao. Padan Fain anamwinda Rand tangu kitabu cha kwanza, anatokea mwishoni anamalizwa ndani ya kurasa chache. Na Moiraine, yule aliyewatoa kijijini kitabu cha kwanza, jamani, tumemsubiri arudi muda wote ule ili aje kusimama tu pangoni?

Kuna na hili la Seanchan, dola iliyotoka ng'ambo ya bahari, ambalo sijaona watu wakilisema kwa uzito wake. Wanawake wenye nguvu wanafungwa ukosi shingoni wanaitwa damane, wanafugwa, Egwene mwenyewe aliwahi kufungwa hivyo kule mji wa Falme na sikuwahi kusahau ile sehemu. Mwisho wa vita mkataba wa amani unawaacha waliofungwa vile vile. Mi nimekulia Bagamoyo, minyororo ya shingoni tumeikuta makumbusho tukiwa watoto wa shule, kwa hiyo siwezi kuambiwa dunia imeokolewa wakati hao bado wako kwenye ukosi. Najua Jordan alipanga kuandika vitabu vingine vya Mat na Tuon, mtawala wa Seanchan, na huenda ndo ingemalizikia huko, ila mi nasoma kilichopo mkononi.

Sehemu ya mwisho kabisa aliandika Jordan mwenyewe kabla hajafa na unaihisi, pumzi inashuka, maneno yanatembea taratibu. Rand yuko kwenye mwili wa mtu mwingine, anawasha kiko kwa kuwaza tu, anapanda farasi anaondoka zake bila deni kwa mtu. Nimeipenda na imenikera hapo hapo. Min, Elayne na Aviendha, wapenzi wake watatu, wanajua yuko hai, lakini Tam, mzee aliyemlea, anaachwa akiamini mwanae kaisha motoni. Kitabu kina kurasa zaidi ya 900, mbili za Tam zingekosekana wapi?

Nyota nne. Ile ya tano nilikuwa nimemuwekea Egwene.